Nilifundisha Kuwa Kule Juu Hakuna Mvutano

Mimi ni mwalimu wa Fizikia wa sekondari. Kazi nilianzia Kibondo, sasa niko Kasulu. Naandika haya nikimfikiria mwalimu mwenzangu ambaye katika somo lake yuko peke yake shuleni, hana wa kumsahihisha. Huko ndiko nilikokuwa, na nilikaa huko muda mrefu.

Ualimu sikuutaka. Nilitaka utabibu, alama zikanikatalia, na mkopo ulikuwa rahisi zaidi kwa wanaosomea ualimu wa sayansi, nami nikaingia kwenye mlango uliokuwa wazi. Chuoni nilifaulu kwa kukariri. Ukurasa niliousoma usiku, asubuhi niliutema wote bila kuacha nukta. Nilipopangiwa Kibondo niliona nimetupwa. Basi lilitutikisa kwenye barabara ya vumbi jekundu kutoka Kasulu, nikashuka stendi hata kope zimebadilika rangi. Mkuu wa shule alinipokea kwa mikono miwili, maana shule haikuwa na mwalimu wa Fizikia hata mmoja. Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne, wote wakawa wangu.

Hapo udhaifu wangu ulipata maficho mazuri. Nilikuwa na kaunta buku moja ya notisi niliyotoka nayo masomoni. Kila mwaka niliinakili ubaoni, wanafunzi wakanakili kutoka ubaoni. Notisi zenyewe ni za Kiingereza. Mtoto aliyekulia Kiha nyumbani, Kiswahili shule ya msingi, akikwama kwenye notisi hizo hajui kama kilichomkwamisha ni lugha au ni fizikia. Mimi nilifaidi giza hilo. Aliyekwama alinyamaza, na darasa lililonyamaza nililiita darasa lenye nidhamu. Matokeo hayakuwa mabaya, tulipitia mitihani ya nyuma mpaka karatasi zikachakaa. Mkaguzi alikuja, akaona madaftari yamejaa, akasaini.

Mada ya astronomia iko mwishoni mwa Kidato cha Nne. Niliipitia mbio, maana haina maswali mengi kwenye mtihani wa taifa, na kusema kweli niliiogopa. Nje, ng'ambo ya uwanja, ungeweza kuona madishi ya watu yakiangalia juu, na kule kambi ya wakimbizi ya Nduta mashirika yalikuwa na madishi makubwa meupe. Mambo ya setilaiti yalikuwa kwenye mabati yetu. Sikuwahi kumnyooshea mwanafunzi hata dishi moja.

Mwezi Mei 2018 palikuwa na habari redioni. Wakenya walikuwa wamepata setilaiti ndogo iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, jina lake 1KUNS-PF, mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Haikurushwa moja kwa moja na roketi mpaka mahali pake kama zile kubwa. Ilipelekwa kwanza kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, ikakaa kule na wanaanga, na tarehe 11 Mei ikaachiliwa kutoka pale. Sikuzisikia habari hizo. Aliyezisikia ni binti mmoja wa Kidato cha Nne, mtoto wa upande wa Mabamba, mpakani na Burundi, aliyekuwa amepanga chumba mjini na wenzake na redio yao ndogo ya betri.

Alinyoosha mkono katikati ya notisi. "Mwalimu, redioni wamesema Wakenya wameachilia setilaiti kutoka kwenye nyumba iliyoko angani. Ilipoachiliwa, kwa nini haikuanguka?"

Nikamjibu bila kugeuka kutoka ubaoni kwamba kule juu hakuna mvutano.

Hakukaa. "Kama hakuna mvutano, mwezi unashikwa na nini? Si ungeshakwenda zake?"

Nilijua papo hapo kwamba sina jibu. Nilijua pia kwamba swali ni zuri. Mtu mwingine angesema, "Sijui, tutafute." Mimi niligeuka nikasema, "Wewe mwanaanga, kaa chini. Ukifika huko utatuletea jibu." Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nalo. Jina likamganda. Mpaka anamaliza shule aliitwa Mwanaanga, kwenye foleni ya uji, uwanjani, hata na wadogo wa Kidato cha Kwanza ambao hawakujua lilikotoka.

Sikumchapa, na kwa miaka mingi nilijitetea kwa hilo. Lakini mkono wake sikuuona tena ukinyanyuka kwenye kipindi changu. Matokeo ya mwisho alifaulu, ila Fizikia ilikuwa chini ya masomo yake yote, na kabla ya hapo haikuwa hivyo. Siwezi kusema ni mimi peke yangu. Siwezi pia kusema si mimi.

Novemba 2019 Wanyarwanda nao waliachilia ya kwao kutoka kituo kilekile, RwaSat-1. Kutoka Kibondo, Rwanda ni karibu kuliko Dodoma. Niliisoma habari hiyo kwenye simu, nikapita kwenda kwenye matokeo ya mpira.

Nikahamishiwa Kasulu. Kaunta buku nilihama nayo.

Kanisani kwetu shuhuda nyingi huwa na siku moja kubwa: mtu alikuwa hivi, akaguswa, akawa vile. Mimi sikuanguka njiani kuelekea Dameski. Mimi nilishikwa kwenye chumba cha walimu, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na aliyenishika wala hakuwa na nia ya kunishika.

Ilikuwa Januari 2023, shule zimefunguliwa. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mzee aliyebakiza muda mfupi kustaafu, alikuwa ametumiwa video fupi na kijana wake. Waganda wamepata setilaiti, PearlAfricaSat-1, imeachiliwa tarehe 2 Desemba pamoja na ya Wazimbabwe. Akaniita nitazame. Kwenye kioo cha simu kilichopasuka kona niliona dunia ya buluu chini, chombo cheupe pembeni, halafu vijisanduku vinatoka kimoja nyuma ya kingine, polepole, vikijizungusha kidogo, vinakwenda. Hakuna moto wala moshi. Vilisukumwa tu.

"Mwalimu," akaniuliza, "wewe ndiye mwenye mambo haya. Mbona havianguki?"

"Mzee, kule juu hakuna mvutano."

"Ahaa." Akanywa chai. "Sasa kama havivutwi, mbona vinaizunguka dunia? Si vingenyoosha njia viende zao?"

Lilikuwa lile lile. Miaka ilikuwa imepita, na swali limekuja kwa mtu nisiyeweza kumwambia kaa chini. Nilitafuta mzaha wa kujitoa, mzaha haukuja. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mzee, sijui."

Nilisubiri acheke. Alikuwa na haki ya kucheka, na walimu wengine walikuwa wanasikia. Alinisogezea sahani ya chapati akasema, "Basi ukijua utatuambia," akarudi kwenye simu yake. Wema wa namna ile sikuwa nimemfanyia mtoto wa watu.

Usiku nilifungua kaunta buku, na hapa ndipo aibu iliponiingia vizuri. Ukurasa mmoja nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu, kwamba sayari hushikwa kwenye njia zake na nguvu ya mvutano wa jua, na mwezi hushikwa na mvutano wa dunia. Ukurasa unaofuata, wino uleule, nimeandika kwamba angani hakuna mvutano ndiyo maana wanaanga huelea. Kurasa hizo mbili nilizifundisha kila mwaka, zikitazamana. Jibu la yule binti lilikuwa mezani siku ile aliyouliza, juu ya meza yangu, limefunuliwa.

Kujifunza upya ukiwa mtu mzima si kazi nyepesi, nisikudanganye. Bando liliisha kabla sijaelewa, mtandao ulikatika video ikiwa katikati, na hesabu zangu zilikuwa zimeshika kutu. Nilikuwa najua kanuni kwa majina bila kuzielewa. Zaidi ya usiku mmoja nilifunga simu nikajiambia kwamba mshahara ni uleule. Kilichonirudisha si ushujaa. Kila asubuhi nilikuwa nakutana na yule mzee, na hakuwahi kuniuliza nimefikia wapi. Angeniuliza, ningekasirika nikaacha.

Lililonifungua ni wazo la zamani sana, la Newton. Weka mzinga juu ya mlima mrefu, piga risasi iende mlalo. Itakwenda kidogo, itaanguka. Ongeza mwendo, itaanguka mbali zaidi. Lakini ardhi si meza, imepinda. Kwa kila kilomita 8 hivi unazokwenda mlalo, uso wa dunia umeshuka kama mita 5 chini ya mstari wako. Na kitu kikiachiliwa huanguka kama mita 5 katika sekunde yake ya kwanza. Hiyo nilikuwa naifundisha Kidato cha Pili. Basi kitu kikienda kilomita 8 kwa sekunde bila hewa ya kukizuia, kinaanguka mita 5, na ardhi nayo inakimbia mita 5. Kinaanguka na hakifiki.

Nilisimama nikazunguka chumba.

Halafu nikafanya hesabu ya mvutano wenyewe. Kituo cha Anga kiko juu yetu kilomita 400 hivi. Kutoka katikati ya dunia mpaka tuliposimama ni kama kilomita 6,371. Hizo 400 si nyongeza kubwa. Ukipiga hesabu, mvutano kule ni mita 8.7 kwa sekunde kwa sekunde, huku chini ni 9.8. Yaani karibu tisa ya kumi ya uzito wako iko palepale. Wanaanga wanaelea kwa sababu wao na nyumba yao wanaanguka pamoja, kwa mwendo wa kilomita 7.66 kwa sekunde, wakiizunguka dunia kila baada ya dakika kama 92. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa Kibondo kinyume chake kabisa, kwa sauti kubwa, na kumsahihisha kwa wino mwekundu yeyote ambaye hakulirudia kosa langu.

Baada ya hapo nilitaka kujua kila kitu kuhusu vile vijisanduku. Kwenye kituo kuna maabara ya Wajapani iitwayo Kibo, yenye mlango wake mdogo wa kutolea vitu nje. Mwanaanga akiwa ndani hulifunga boksi lenye setilaiti kwenye meza inayoteleza, hulisukuma kwenye chumba cha katikati, hufunga mlango wa ndani. Hewa ya chumba kile hutolewa, mlango wa nje hufunguliwa, na mkono wa roboti huja kulichukua boksi na kulipeleka mbali na ukuta. Amri ya kufyatua hutolewa na wanaanga au na waongozaji walioko Tsukuba, Japani. Ndani ya boksi kuna springi tu. Springi! Inaisukuma setilaiti kwa mwendo wa mtu anayetembea, au zaidi kidogo. Mwendo ule mkubwa wa kilomita saba na ushee setilaiti inao tayari, kwa kuwa ilikuwa abiria.

Na kuna jambo lililonikosesha usingizi kwa raha. Boksi huelekezwa nyuma na chini, ili setilaiti isije ikagonga kituo. Inasukumwa nyuma, inapungua mwendo kidogo, inashuka njia ya chini kidogo. Njia ya chini ni fupi na mzunguko wake ni wa haraka zaidi. Kwa hiyo ile iliyosukumwa nyuma hupita chini ya kituo na kukitangulia. Nilichora mara nyingi kabla sijakubali.

Nilisoma pia habari za vijana watatu wa Uganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, walioitengeneza setilaiti yao wakisoma kwenye Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu huko Japani. Chombo kilichoipeleka kituoni kilirushwa Wallops, Virginia, tarehe 7 Novemba 2022, na bawa lake moja kati ya mawili ya kukusanya umeme wa jua likagoma kufunguka. Kikafika hivyo hivyo. Watu hawa walikuwa wanafunzi wa mtu fulani, kwenye sekondari fulani ya Uganda, huenda walikutana na mwalimu aliyewaacha waulize. Nilikuwa najua mwalimu wa namna nyingine angewafanya nini.

Kabla ya kwenda darasani nilimjibu mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe kuanguka nako kuna ufundi," akaenda kipindini.

Kidato cha Nne niliwaambia wafungue ukurasa ule na waukate kwa mstari. Mmoja akauliza, "Mwalimu, tuliunakili kwako." Nikasema ndiyo, mliunakili kwangu, na mimi ndiye niliyekosea. Walitazamana. Sijui nilitegemea nini, labda dharau. Wakachukua rula wakakata.

Kisha nikatoa chupa ya plastiki ya lita moja na nusu niliyoitoboa tundu karibu na kitako. Nikaijaza maji, nimeziba tundu kwa kidole, nikapanda juu ya dawati karibu na mlango. Nikaachia kidole, maji yakaruka nje kwa mshipa mwembamba mpaka kwenye sakafu. Nikawaambia watazame tundu, wasitazame mimi. Nikaiachia chupa. Ilipokuwa inashuka maji yalikatika, tundu likiwa wazi na chupa imejaa, mpaka ilipopiga sakafu na kutulowesha. Walidai nirudie. Walidai wenyewe waiachie. Mvulana mmoja mrefu, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, akasema kwa Kiswahili, polepole, kwamba maji hayatoki kwa sababu yanaanguka sawa na chupa, hakuna anayemkandamiza mwenzake. Alikuwa ameeleza habari yote ya wanaanga, na miguu yake imelowa.

Nilibaki na deni la Kibondo. Niliahirisha. Kutubu mbele ya watoto wasiokuwepo siku ile kulikuwa rahisi; kumpigia aliyekuwepo kulinishinda mwezi baada ya mwezi. Namba ya yule binti niliipata kwa mwanafunzi wa zamani niliyekutana naye kwenye basi. Binti huyo anafanya biashara ya maharage, hununua kwenye minada ya vijijini na kupeleka mjini. Nilipopiga nilisikia kelele za soko.

"Shikamoo mwalimu," akasema nilipojitaja, na heshima ile ilinikata maneno. Nilimwambia nilichompigia: lile swali, kile kicheko, lile jina. Nikamwomba radhi. Akakaa kimya, nikadhani mtandao umekatika.

"Nakumbuka," akasema. "Nilikuchukia sana, mwalimu. Siku hizi hapana." Hakusema si kitu. Nilishukuru kwamba hakusema hivyo. Halafu akasema, "Basi nijibu. Mwezi unashikwa na nini?"

Nikamjibu pale pale, kwa Kiswahili, bila ubao: mzinga, mlima, ardhi inayopinda, mwezi unaoanguka bila kufika. Alinikatiza kila alipokwama, nami nikarudia. Mtu alikuwa anamuulizia bei pembeni, akamwambia asubiri. Nilipomaliza akauliza, "Na hewa? Umesema bila hewa ya kuizuia. Hapo kilomita 400 hewa imekwisha kabisa?"

"Sijui," nikasema. "Nitatafuta nikuambie."

Haijakwisha. Ipo, nyembamba mno, lakini ipo. Hata Kituo cha Anga chenyewe kinapungua kimo taratibu, na kila baada ya muda lazima kiwashiwe injini kipandishwe. Vijisanduku vingi vinavyoachiliwa pale havina injini ya kujipandisha. Hewa ile huvikwangua kidogo kidogo, vinashuka, na mwisho vinaingia kwenye hewa nzito na kuungua. Ile ya Wakenya aliyoisikia redioni ilidumu kama miaka miwili. Mwaka 2020 ilishuka ikateketea, wakati mimi bado nafundisha ukurasa ule.

Nilimwandikia yote hayo kwenye ujumbe mrefu. Jibu lilikuja jioni, ametoka mnadani: "Kwa hiyo mwalimu ilianguka. Mimi nilisema."